Plastiki Nyeusi za Gari Jipya: Namna ya Kuzikinga na Jua na Vumbi la Dodoma

Simama dakika tano kwenye maegesho ya Mji wa Serikali pale Mtumba, saa saba mchana, uangalie magari yaliyopangwa juani. Bodi nyingi bado zinang'aa. Sasa shusha macho kwenye bampa, kwenye mikanda myeusi inayozunguka juu ya matairi, kwenye ile plastiki ya chini ya wipa. Hapo ndipo umri wa gari unaposomeka. Magari ya siku nyingi plastiki zake zimepauka, zina weupe wa kisigino kilichotembea vumbini bila mafuta, na hata uzioshe vipi weusi wake haurudi.

Nimeishi Dodoma muda wa kutosha kuona plastiki za gari moja zikifa mikononi mwangu na kuzitunza za gari jingine zikabaki hai. La kwanza nililipenda, nikaliosha kila Jumamosi, ila niliosha vibaya na kupaka visivyofaa. La pili, hili la namba E, nimelianza vizuri tangu wiki ya kwanza na plastiki zake bado ni nyeusi kama siku niliyolichukua bandarini. Ninayoandika hapa ndiyo niliyotamani mtu mzima mmoja aniketishe chini aniambie siku ile nilipokabidhiwa funguo za gari la kwanza.

Nikisema gari jipya namaanisha pia lile lililotumika Japani na kuingia nchini juzi. Kwako ni jipya, na kama plastiki zake bado ni nyeusi, huu ndio wakati wake. Ukisubiri zipauke, utakuwa unatibu ugonjwa ambao ungeweza kuukinga kwa asubuhi moja ya kazi.

Kinachoiua plastiki hapa kwetu

Plastiki nyeusi zisizopakwa rangi, zile zenye vijipele ukizipapasa, kwa kawaida ni polipropilini iliyochanganywa na aina ya mpira ili isipasuke kirahisi ikigongwa. Weusi wake umo ndani ya plastiki yenyewe. Unatokana na masizi ya kaboni, na hayo masizi pamoja na dawa nyingine za kiwandani ndiyo kinga iliyozaliwa nayo. Jua linapoipiga miaka nenda miaka rudi, miale ya urujuanimno inakatakata minyororo ya molekuli za juu kabisa. Uso unapata nyufa ndogo mno, mwanga ukifika pale unatawanyika, na jicho linaona kijivu. Ndiyo maana plastiki iliyopauka ukiimwagia maji inarudi nyeusi kwa dakika chache: maji yamejaa kwenye zile nyufa. Yakikauka, weupe uko palepale.

Dodoma ipo kama mita 1,100 juu ya usawa wa bahari, nyuzi 6 hivi kusini mwa Ikweta. Jua la adhuhuri linapita utosini kwetu mara mbili kwa mwaka, mwanzoni mwa Machi na tena kwenye wiki ya pili ya Oktoba. Hiyo ya Oktoba ndiyo kali kwa gari, kwa sababu inatukuta mwishoni mwa kiangazi kirefu, mvua ikiwa haijagusa ardhi tangu Aprili au Mei. Wenzetu wa Dar es Salaam wanapambana na chumvi ya bahari. Sisi adui yetu wa pili ni vumbi.

Na vumbi lenyewe lisidharauliwe. Ndani yake mna chembe za mchanga ambazo ni ngumu kuliko plastiki yoyote ya gari. Ukipitisha kitambaa kikavu juu yake, umepitisha msasa. Likikutana na mafuta ndiyo balaa zaidi, linaganda kwenye vile vijipele na kuwa tope la kahawia ambalo maji peke yake hayalitoi. Kwa sababu hiyo, kitu chochote kinachoiacha plastiki ikiwa na utelezi wa mafuta hakifai kwenye gari linaloishi Dodoma, hata king'ae namna gani siku ya kwanza. Ukilishika hilo, mengi yanayofuata utaweza kuyaamua mwenyewe.

Hatua ya 1: Zitambue plastiki zako

Zunguka gari polepole. Zile zenye vijipele, zisizong'aa, ndizo mwongozo huu unazozihusu zaidi: sehemu ya chini ya bampa, mikanda ya juu ya matairi, mabamba ya ubavuni chini ya milango, miguu ya keria, madigadi, na plastiki ya chini ya kioo cha mbele.

Kuna nyingine nyeusi laini zinazong'aa kama kioo, mara nyingi kwenye nguzo za kati ya madirisha na kwenye shoo ya mbele. Hizo zitunze kama unavyotunza rangi ya bodi. Zinakwaruzika kwa kugusa tu, kwa hiyo usizifute zikiwa kavu hata mara moja, wala kwa ule ufagio wa manyoya unaouzwa barabarani. Mwenye uwezo azibandikie filamu ya ulinzi mapema.

Mipira ya madirisha na milango ni kitu kingine tena, nayo inachukia mafuta ya petroli na dizeli. Inavimba na kulegea. Taa za mbele nazo ni plastiki, polikaboneti yenye utando mwembamba wa kiwandani. Zioshe kwa shampuu na maji basi. Ile tabia ya kuzisugua kwa dawa ya meno iache kwa wenye taa zilizokwisha kuwa njano, maana kwenye taa mpya unakuwa unakwangua utando uliowekwa kuzilinda.

Hatua ya 2: Osha kwa utulivu, kabla jua halijapanda

Saa kumi na mbili na nusu asubuhi hadi saa mbili na nusu ndiyo saa nzuri. Baada ya hapo bodi inapata moto, maji yanakauka kabla hujageuka, na upepo unaanza kuleta vumbi la barabarani.

Unahitaji ndoo mbili, shampuu ya gari isiyo kali, kitambaa cha maikrofaiba au glavu ya kuoshea, brashi ya nywele laini na kitambaa kingine kikavu. Sabuni ya unga ya kufulia niliitumia miaka na najuta. Imetengenezwa kukata mafuta kwenye nguo, na inaondoa kila kinga uliyoipaka.

Anza kwa maji matupu, kutoka juu kwenda chini, mengi ya kutosha kusomba vumbi kabla mkono haujagusa chochote. Kama maji ni ya shida mtaani kwako, bora upunguze kwenye kusuuza bodi kuliko kupunguza hapa. Ukitumia mashine ya presha, simama mbali kiasi cha hatua moja na usielekeze ncha kwenye kingo za plastiki, kwa sababu nyingi zimeshikiliwa na vipini vidogo na gundi tu.

Chovya kitambaa kwenye ndoo ya shampuu, osha kipande, kisha kisuuze kwenye ndoo ya pili kabla ya kurudi kwenye shampuu. Tazama kitakachojikusanya chini ya ile ndoo ya pili: mchanga wote huo ungekuwa unazunguka kwenye gari lako. Plastiki za chini zioshe mwisho, ndizo chafu kuliko zote. Hapo tumia brashi laini, kwa mizunguko midogo, ili nywele zake ziingie kati ya vijipele. Kitambaa hakifiki huko.

Kisha kausha, usiache jua likukaushie. Maji ya Dodoma, mengi yakiwa ya visima virefu vya bonde la Makutupora, yana madini ya kutosha. Angalia ndani ya birika lako la chai utaona. Tone likikauka kwenye plastiki nyeusi linaacha duara jeupe. Ukilikuta limeshakauka, changanya siki nyeupe na maji nusu kwa nusu, loweka kitambaa, weka juu ya doa kwa dakika moja, futa, suuza vizuri.

Unapompelekea kijana wa kuosha magari, shuka usimame naye, umweleze kwa heshima. "Mdogo wangu, hiyo brashi ya tairi usiipitishe kwenye plastiki." Wengi wanasikiliza. Na akikuuliza mwishoni, "Bosi, nikupakie ya kung'arisha?", mjibu hapana, umwachie hela ya soda kwa kukubali kuacha. Siku moja mimi sikushuka. Nilirudi nikakuta plastiki zote zimepakwa mchanganyiko wa oili chafu na dizeli, zinang'aa kama viatu vya bwana harusi. Nikaondoka kwa furaha kwenda shambani upande wa Hombolo. Kilomita chache tu za barabara ya vumbi, mikanda yote ya matairi imegeuka rangi ya udongo, na lile tope la mafuta lilinichukua Jumapili mbili kulitoa, kijipele kwa kijipele.

Hatua ya 3: Toa kila mafuta yaliyokwishapakwa

Hatua hii watu wanairuka, halafu wanalalamika kwamba kinga waliyonunua haikudumu.

Gari jipya kabisa huwa na mabaki ya mafuta yaliyotumika kuitoa plastiki kwenye kalibu kiwandani. Gari lililotoka Japani, muuzaji mara nyingi amelipaka silikoni ili lipendeze kwenye picha. Vyote hivyo vimekaa juu ya plastiki kama sukari kwenye ulimi, na ukipaka kinga juu yake, kinga itashika mafuta badala ya plastiki. Mvua ya kwanza inaondoka nayo.

Tumia sabuni ya kusafishia ya matumizi yote iliyotengenezwa kwa ajili ya magari, uipunguze kwa maji kama ilivyoandikwa kwenye chupa. Sehemu moja kwa kumi ni kipimo cha kawaida. Nyunyizia kwenye brashi, sugua taratibu, usiiache ikauke, suuza kwa maji mengi. Rudia mara mbili. Kisha kausha kabisa, na pale kwenye maungio pulizia hewa au subiri, maana maji hujificha nyuma ya mikanda na kuchuruzika wakati umeshaanza kupaka.

Mwisho pangusa kwa alkoholi ya isopropili iliyochanganywa na maji nusu kwa nusu. Ukiinunua duka la dawa soma lebo, kwa sababu spiriti nyingine za hospitali zimewekwa mafuta ya nyonyo ili zisikaushe ngozi, na mafuta ndiyo hasa tunayoyakimbia. Fanya kazi penye hewa, mbali na jiko na sigara.

Jinsi ya kujua umemaliza: chukua kitambaa cheupe kisafi, kilowanishe kidogo kwa ile alkoholi, sugua sehemu moja kwa nguvu kiasi. Kikitoka na uchafu wa kahawia au utelezi, rudia. Kikitoka kisafi, au na kivuli hafifu cha kijivu, endelea. Plastiki iliyosafika kweli inaonekana kavu na imepooza kidogo, na wengi wakiona hivyo wanadhani wameiharibu. Usiogope. Hiyo ndiyo sura yake halisi.

Hatua ya 4: Chagua kinga

Madukani utakuta makundi matatu, hata kama chupa ni mia.

La kwanza ni za mafuta ya silikoni, nzito, zenye mng'ao mkubwa. Ni bei rahisi na zinapatikana hadi kwenye vituo vya mafuta. Nimeshasema: zinakamata vumbi. Kwa gari linalokaa Dodoma sizipendekezi kwa mtu yeyote.

La pili ni za maji, nyeupe kama maziwa, zinazokauka na kuacha plastiki ikiwa na weusi wa asili usio na utelezi. Tafuta iliyoandikwa kwamba ina kinga ya miale ya urujuanimno. Inadumu wiki chache, pengine miezi miwili wakati wa kiangazi, na kupaka ni kazi ya nusu saa. Kwa mtu asiye na muda wala hela nyingi, hii inatosha kabisa, mradi airudie.

La tatu ni seramiki ya plastiki, kimiminika chepesi chenye silika, ambacho kikikauka kinakuwa utando mgumu ulioshikana na plastiki. Watengenezaji wanaandika mwaka mmoja, wengine miwili na zaidi. Kwa jua letu mimi nahesabu mwaka mmoja na kurudia, nisije nikakuta kinga imeisha mwezi wa kumi bila habari. Kichupa cha mililita 30 kinatosha gari lenye plastiki nyingi kama RAV4 au Forester, na kinabaki. Hii ndiyo niliyoweka kwenye gari langu, na ninaamini ni hela iliyotumika vizuri kuliko rimu za kung'aa. Utando wake ni mkavu, vumbi linakaa juu tu kama lilivyokaa juu ya meza, na maji yakipita linaondoka.

Soma lebo uhakikishe imeandikwa ya plastiki za nje. Seramiki ya rangi ya bodi haifanani nayo, na nyingine zikipakwa kwenye plastiki yenye vijipele zinaacha mabaka.

Hatua ya 5: Kupaka seramiki

Siku bora kwa huku kwetu ni mwishoni mwa Mei au mwanzoni mwa Juni. Mvua zimekwisha, tope limeondoka, upepo mkali wa Julai hadi Oktoba haujashika kasi, na unaliwahi jua la Oktoba. Gari likifika mwezi mwingine, usingoje Juni; tafuta gereji au banda lenye kuta na ufanye hapohapo. Asubuhi za Juni zina baridi, kwa hiyo subiri hadi saa tatu plastiki ipate vuguvugu, bado ikiwa kivulini. Ukiweka kiganja na kusikia moto, umechelewa.

Mwagia maji sakafu ya banda kabla hujaanza, vumbi lisiruke. Vaa glavu. Funga kingo za bodi zilizopakana na plastiki kwa selotepu ya karatasi ya mafundi rangi, kwa sababu seramiki ikikaukia kwenye rangi ya gari kuitoa ni shughuli.

Jaribu kwanza sehemu iliyojificha, kwa mfano chini ya bampa la nyuma. Subiri dakika kumi uone kama rangi imekaa sawa.

Kisha matone matano hadi manane kwenye sponji ndogo iliyovishwa kitambaa. Paka kipande cha urefu wa mkono, kwanza kwa kwenda, kisha kwa kukata njia, ili vijipele vipate pande zote. Utando uwe mwembamba. Usimwage ukidhani wingi ndio ulinzi. Unaobaki juu bila kunywewa utaganda na kuwa michirizi. Baada ya dakika moja au mbili, au kama lebo inavyosema, pitisha kitambaa kisafi cha maikrofaiba kwa wepesi kusawazisha. Washa tochi ya simu, uilaze ubavuni mwa plastiki: palipozidi patang'aa kuliko pengine. Hapo pafute sasa hivi, kwa sababu kesho hutaweza.

Nenda kipande baada ya kipande, bila kuruka. Plastiki ya chini ya kioo cha mbele ndiyo inayopigwa na jua kuliko zote, imelala chali siku nzima na kioo kinaiongezea joto. Mimi naipaka mara mbili, ya pili baada ya saa moja. Nyanyua wipa ufike hadi nyuma, na uwe mwangalifu kioo kisipate tone.

Vitambaa ulivyotumia tupa. Vikikauka vinakuwa vigumu na vitachana rangi siku ukivisahau kwenye ndoo.

Gari lisiguswe na maji kwa saa 24, na usilioshe kwa shampuu kabla ya wiki moja kuisha. Usilitoe barabara ya vumbi siku hiyo. Panga safari ya Kondoa au Mpwapwa wiki nyingine.

Kwa anayetumia ile ya maji, mambo ni mepesi: plastiki safi na kavu, kivulini, nyunyizia kwenye sponji, sambaza, acha dakika tano, kisha futa kwa kitambaa kikavu mpaka kiganja kipite bila kuteleza. Hapo pa kufuta usipafanyie uvivu. Unyevu unaobaki juu hauna kazi nyingine zaidi ya kusubiri vumbi.

Kuegesha

Kinga ya kupaka inapunguza tu. Kivuli ndicho kinachozuia.

Bati au neti ya kivuli juu ya maegesho ya nyumbani inalipa kila siku. Kazini, ambako wengi hatuna bati, kuna jambo dogo ambalo sikulijua hadi gari langu la kwanza lilipopauka upande mmoja kabla ya mwingine. Nilikuwa naegesha palepale, nimeelekea kulekule, miaka yote. Mwezi Juni jua la mchana linaegemea kaskazini kwetu, Desemba linaegemea kusini, na la alasiri linapiga magharibi mwaka mzima wakati gari limeshapata moto tangu asubuhi. Kwa hiyo geuza. Wiki hii ingia kwa mbele, wiki ijayo ingia kwa nyuma. Haikugharimu chochote.

Miti nayo ina tabia zake. Mwarobaini una kivuli kizuri mwaka mzima ila ndege wanaupenda, na kinyesi chao kikikaa juani kinaacha alama. Kilowanishe, kiache kilainike, kisha kiondoe bila kusugua. Mgunga unadondosha utomvu na miiba. Mbuyu, pamoja na ukubwa wake wote, kiangazi hauna jani.

Turubai la kufunika gari siliungi mkono kwa maegesho ya wazi hapa Dodoma. Upepo unalipepesa, vumbi limeingia katikati, na kila pepesi ni msasa. Kama una banda, gari ni safi na turubai lina kitambaa laini ndani, hapo sawa.

Ajali ndogo ndogo

Mwiba umekwaruza plastiki ukaacha mstari mweupe. Kwenye plastiki nyeusi ya vijipele usiguse msasa wala dawa ya kupigia polishi. Utavilainisha vijipele na kuacha kipara kitakachoonekana milele. Osha, kisha jaribu kuipasha kwa mashine ya kukaushia nywele, umbali wa kiganja, kwa mwendo, huku ukikanda mstari kwa kidole kilichovaa glavu. Mikwaruzo midogo hufifia. Mikubwa iache, paka kinga tu. Ile mashine ya mafundi ya upepo wa moto mkali, inayorudisha weusi wa plastiki iliyopauka kwa sekunde, isikaribie gari jipya. Weusi wake haudumu, na mkono ukisita kidogo umeyeyusha bampa.

Lami. Ukipita barabara inayojengwa, matone meusi yatashika mikanda ya matairi. Paka mafuta ya kula juu ya tone, subiri dakika kumi lilainike, futa kwa kitambaa, halafu osha eneo hilo kwa sabuni hadi mafuta yote yatoke. Petroli usitumie. Inaweza kuzipasua taa na kuzifanya plastiki nyingine kuwa na ukungu.

Nta nyeupe ya polishi iliyoingia kwenye vijipele: brashi laini, maji ya uvuguvugu na ile sabuni ya Hatua ya 3. Kwa doa dogo, kifutio cha penseli cha mtoto wa shule kinatosha. Na kila ukipeleka gari kupigwa polishi, nenda na selotepu yako ya karatasi ufunge plastiki kabla fundi hajafungua kopo. Wengi hawafungi wenyewe.

Kiwi ya viatu sitaiongelea sana. Inahamia kwenye nguo za watoto wanapoegemea gari, na mvua ikipita inachuruzika.

Ratiba yangu

Kiangazi naosha mara moja kwa wiki, na katikati ya wiki namwagia plastiki maji matupu bila kugusa. Nikitoka safari ya vumbi, iwe Manyoni au shambani, nasuuza jioni hiyohiyo kabla umande wa usiku haujaligandisha vumbi. Kila mwezi nafanya jaribio la maji: namwagia plastiki kikombe kimoja, nikiona matone yanakimbia kwa duara kinga ipo, yakianza kutandazika na kulowesha, naanza kujiandaa. Kila Juni narudia kuanzia Hatua ya 3. Anayetumia kinga ya maji arudie kila wiki nne hadi sita, na Septemba na Oktoba asipitishe wiki nne.

Madigadi yakikatika badilisha mara moja. Bila hayo, kokoto za matairi ya mbele zinapiga mabamba ya ubavuni moja kwa moja, na hakuna kinga ya kupaka inayozuia jiwe.

Katikati ya Novemba, kabla mvua za kwanza hazijafika, fungua boneti uangalie chini ya ile plastiki ya wipa. Majani ya mwarobaini ya kiangazi kizima yamejipanga hapo, yameziba vitundu vya kutolea maji. Yatoe kwa mkono, mwaga jagi moja la maji taratibu, kisha inama uangalie chini ya gari nyuma ya matairi ya mbele. Maji yakitoka pande zote mbili, funga boneti.